Unga wa kupunguza uzito: kopo ni la muda, chungu ni cha maisha

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, mama mmoja muuza vitenge aliishiwa nguvu mchana mbele ya meza yake. Mikono ilikuwa inatetemeka, jasho linamtoka, maneno hayatoki vizuri. Majirani wa soko walidhani ni malaria. Mwenzake mmoja anayemjua alimletea soda yenye sukari, na baada ya dakika chache mama akaanza kurudi katika hali yake.

Tangu asubuhi mama huyo alikuwa amekunywa glasi moja tu ya unga uliokorogwa kwa maji, ule unaouzwa katika makopo kwa watu wanaotaka kupunguza uzito. Lakini vidonge vyake vya kisukari alikuwa amevimeza kama kila siku. Aliyemuuzia kopo alimwambia aache bugali. Kuhusu vidonge hakumwambia kitu.

Habari ilipozunguka sokoni, watu wakagawanyika. Wengine wakasema unga ule ni sumu ya Wazungu. Wengine wakasema unga hauna kosa, mama ndiye hakufuata masharti. Pande zote mbili zinakosea. Unga si sumu, na mama hakupewa masharti yoyote ya kufuata. Kosa ni kuuza kitu cha hospitali kana kwamba ni biskuti.

Kwanza watu wajue unga huo ni kitu gani. Mara nyingi ni protini ya maziwa au ya soya, pamoja na vitamini, madini na kitu cha kuupa ladha. Glasi moja huwa na kalori 200 hadi 250. Sahani iliyojaa bugali, na sombe iliyopikwa kwa mafuta mengi ya mawese, inaweza kupita mara tatu ya hapo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta peke yake ni kalori 120 hivi. Kwa hiyo anayeacha sahani na kunywa glasi atapungua, kwa sababu anakula kidogo. Hakuna siri nyingine ndani ya kopo. Anayesema unga wake "unachoma mafuta" au "unasafisha damu" anatafuta pesa.

Je, njia hiyo inafanya kazi? Ndiyo, na ni vizuri kulisema wazi. Mwaka 2017 jarida la matibabu la The Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uitwao DiRECT, uliofanywa Scotland na kaskazini mwa Uingereza kwa watu 298 wenye kisukari cha aina ya pili. Nusu yao waliacha chakula chote cha kawaida kwa miezi mitatu hadi mitano, wakaishi kwa supu na vinywaji vya unga, karibu kalori 850 kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, watu 46 kwa kila 100 wa kundi hilo walikuwa na sukari nzuri bila dawa. Katika kundi lililofuata matibabu ya kawaida walikuwa 4 tu kwa kila 100.

Namba hizo wauzaji wanazipenda. Lakini kuna mambo matatu ya utafiti uleule wasiyoyataja. La kwanza, dawa za kisukari na za presha zilisimamishwa na waganga siku ileile mgonjwa alipoanza kunywa unga, na waliokuwa wanatumia insulini hawakuingizwa kabisa. Walijua kwamba mtu akipunguza chakula hivyo huku anameza vidonge vya kushusha sukari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Hilo ndilo lililomkuta mama wa Kadutu.

La pili, unga ulikuwa na mwisho. Baada ya miezi hiyo watu walirudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua, kwa wiki kadhaa, mlo mmoja baada ya mwingine. La tatu, waliendelea kufuatwa na wauguzi na wataalamu wa lishe, wakipimwa na kushauriwa. Hata hivyo, baada ya miaka miwili waliobaki na sukari nzuri bila dawa walishuka hadi 36 kwa kila 100. Uzito hurudi polepole hata kwa mtu anayesimamiwa. Sembuse kwa mama ambaye msimamizi wake ni jirani anayengojea anunue kopo la pili.

Mfano unaojulikana sana ni wa Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni wa Marekani. Mwaka 1988 aliishi miezi kadhaa kwa vinywaji vya kupunguza uzito, akapungua kilo 30 hivi, akaingia mbele ya kamera akivuta kigari kilichojaa mafuta ya mnyama kuonyesha kiasi alichopoteza. Muda mfupi baada ya kurudia chakula uzito ulianza kurudi, na yeye mwenyewe amelisema hadharani mara nyingi. Mtu mwenye pesa zake na wapishi wake alishindwa pale unga ulipoisha.

Wakaaji wa Kivu Kusini hawahitaji kwenda mbali kuelewa jambo hili. Kila mama aliyepeleka mtoto mwenye utapiamlo kwenye kituo cha afya anajua Plumpy'Nut, ile pakiti ya karanga, maziwa, mafuta na sukari yenye kalori 500 hivi. Mtoto hupewa kwa wiki kadhaa. Hupimwa uzito na kuzungushiwa utepe mkononi. Akifikia kipimo, pakiti zinakwisha, na mama anafundishwa kupika uji wenye soya au sambaza za kusaga. Hakuna mama anayefikiri mtoto atakua hadi utu uzima kwa pakiti. Anajua ni dawa iliyofanana na chakula, na kwamba kazi yenyewe inaanza siku ya kurudi kwenye chungu.

Unga wa kupunguza uzito ungepaswa kutazamwa vilevile. Tofauti ni kwamba pakiti ya mtoto inatolewa na muuguzi anayepima, na kopo la mtu mzima linatolewa na mtu ambaye hana mizani wala kipimo cha sukari. Ana simu yenye picha mbili, ya kabla na ya baada. Mara nyingi ameahidiwa faida zaidi akiwaingiza wauzaji wengine chini yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia mteja aache, hata akimuona anadhoofika.

Halafu kuna hesabu ya nyumba. Kopo likiuzwa dola 30 na kutoa glasi 15, kila glasi ni dola 2. Glasi mbili kwa siku ni dola 120 kwa mwezi, kwa mtu mmoja. Nyumba nyingi za Kadutu na Bagira hazipati pesa hiyo kwa chakula cha watoto wote. Mama anatoa pesa ya likelemba, anakunywa glasi yake peke yake, kisha anapikia wengine bugali ambalo yeye haligusi. Siku likelemba ikikwisha anarudi kwenye chungu kilekile na kijiko kilekile, kwa sababu hakuna kilichobadilika jikoni.

Wanaotetea kopo wana hoja moja ya kweli. Glasi ina kipimo, na chakula cha nyumbani hakina. Watu wanakula katika sahani moja, mgeni anaongezewa bila kuulizwa, na mama anayekula kidogo anaambiwa ameanza ugonjwa. Katika mji huu unene umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya amani ya nyumba, na wembamba kuwa dalili ya taabu au ya virusi. Kumwambia mtu "kula kidogo" halafu kumrudisha katika nyumba hiyo ni kumwacha peke yake.

Lakini kipimo kinaweza kupatikana bila dola 120. Anayetaka kupungua aanze kwa kujipakulia sahani yake mwenyewe. Nusu ya sahani iwe mboga: lenga-lenga, sombe, kabichi. Robo iwe maharagi, sambaza au samaki. Robo inayobaki iwe bugali, kiasi cha ngumi yake. Mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Chai ipunguzwe sukari. Soda ibaki kwa siku ya sherehe. Papa anayelalamika kuhusu tumbo lake akumbuke kwamba chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 ina kalori 300 hivi, zaidi ya glasi nzima ya unga, na ni wachache wanaoishia kwenye chupa moja. Na Bukavu ni mji wa vilima: anayepanda kwa miguu kutoka Nyawera hadi Kadutu hana haja ya kutafuta ukumbi wa mazoezi.

Njia hii ni ya polepole. Haitatoa kilo saba kwa mwezi, wala picha ya kuweka WhatsApp. Lakini inabadilisha chungu, na chungu kikibadilika watoto nao wanafaidika, ambapo kopo linamhudumia mmoja tu.

Mtu ambaye daktari wake amemshauri kutumia unga, na ana uwezo wa kuununua, autumie bila aibu, kwa muda uliopangwa na kwa maji safi yaliyochemshwa. Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo, mama mjamzito na anayenyonyesha wasiguse kopo kabla ya kuonana na muganga. Viongozi wa zone za afya nao wana kazi yao. Wanajua mahali makopo yanapouzwa, kwa sababu yanauzwa mchana kweupe, wakati mwingine na watu waliovaa koti jeupe ambao hawajasoma udaktari wala uuguzi. Anayeuza kitu kwa jina la tiba aulizwe ruhusa yake iko wapi.

Mama wa vitenge amerudi kwenye meza yake. Katika kituo cha afya muuguzi alimpima sukari, akampangia upya vidonge vyake, akamwuliza anapika nini nyumbani na kwa mafuta kiasi gani. Swali hilo la pili hakuwa amewahi kuulizwa na yeyote aliyemuuzia kopo. Makopo mawili matupu sasa anawekea chumvi na maharagi.