Ajali Haina Kinga? Kiswahili, Uzembe na Haki ya Mgonjwa wa Naitiri

Ajali haina kinga, walisema wahenga. Methali hii husikika sana matangani, na huko haina kosa lolote, kwa kuwa kazi yake ni kumtuliza aliyefikwa. Tatizo huanza pale inapotoka matangani na kuingia wodini, dukani na sokoni. Mama akimpoteza mtoto baada ya kumsubiri mkunga usiku kucha, majirani huketi naye na kumwambia kwamba ajali haina kinga. Mtoto akinywa dawa ya kupe iliyomiminwa katika chupa ya soda, huambiwa wazazi wake maneno yayo hayo. Kijana akikatwa vidole na mkanda wa mashine ya kusagia unga, mkanda ambao mwenye kinu hakuufunika miaka nenda miaka rudi, methali ile ile hutolewa tena. Kwa njia hii usemi uliobuniwa kumfariji mwenye msiba umegeuka kuwa utetezi wa aliyeuleta msiba.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kuliangalia neno lenyewe. Ajali ni neno la asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka lina maana ya muda uliowekwa, hasa ule wa mja kuondoka duniani. Lilipohamia katika Kiswahili halikuiacha maana hiyo. Liliiongezea nyingine, ya tukio la ghafla lenye madhara. Ndiyo maana mzungumzaji anayesema “ilikuwa ajali” husema mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo halikukusudiwa, na kwamba lilikuwa limeandikwa. Sheria ya madhara ya mwili hulikubali la kwanza na kulikataa la pili. Kwa mwanasheria, jambo lisilokusudiwa laweza kuwa na mwenye kulijibia. Swali ni iwapo mtu mwangalifu aliyekuwa mahali pale angeliona likija na kulizuia.

Mizizi ya fikra hiyo katika mahakama za Kenya ni ya Kiingereza, na kisa kinachofundishwa katika kila kitivo cha sheria kilianzia kwenye chupa. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi iliyokuwa katika chupa isiyoonyesha ndani. Alipokwisha kunywa sehemu yake, mabaki yalipomiminwa yalitoka na konokono aliyeoza. Kwa vile yeye hakununua soda ile, hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, liliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji ambaye hajapata kumwona. Jaji Atkin alilijenga jibu lake juu ya swali la nani aliye jirani wa mtu kisheria, akasema ni yule awezaye kudhurika kwa matendo yako kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Fikra hiyo haipaswi kuwa ngeni kwa Mswahili, ambaye ana methali tele kuhusu ujirani.

Chupa ya Paisley inaweza kusafirishwa hadi Naitiri bila kubadilishwa sana. Naitiri ni kituo cha biashara katika eneo la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, upande unaoelekea Kitale. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe, na palipo na mahindi na ng'ombe pana dawa za wadudu na za kupe. Mkulima mwenye ng'ombe wawili hahitaji lita nzima, naye muuza duka huona hisani kumpimia kidogo katika chupa aliyokuja nayo. Kibandiko chenye ufito wa rangi unaoeleza ukali wa sumu, na maelezo ya kinga, hubaki dukani. Kinachofika nyumbani ni chupa ya soda. Ikiwa katika mazingira hayo mtoto mwenye kiu atainywa, ni vigumu kuona vipi jambo hilo linaweza kuitwa ajali kwa maana ile ya kale ya neno.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa sehemu hizi hawajui kudai. Mwaka 2024, ilipobainika kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku wa Serikali haikufikia viwango, wakulima walipaza sauti wakidai fidia, nayo Serikali ikaahidi kuwafidia. Hakuna aliyesikika akisema kwamba mbolea duni haina kinga. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora ufaao, haki ya kupewa maelezo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa kwa hasara au majeraha yatokanayo na kasoro zake. Ibara hiyo inataja huduma sawa na bidhaa, tena inazihusu zile zitolewazo na taasisi za umma. Hata hivyo, mkulima aliyedai fidia ya mbolea kwa sauti kubwa hunyamaza pale mkewe anaporudi kutoka hospitalini na jeraha ambalo hakwenda nalo. Mbolea ina risiti na gunia lenye maandishi. Kwa jeraha la mkewe hana hata neno.

Kaunti hiyo hiyo ya Bungoma ndiyo iliyotoa shauri ambalo lingepaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa fasihi ya haki. Tarehe 1 Juni 2013 Serikali ilitangaza kwamba huduma za kujifungua zingekuwa bila malipo katika hospitali za umma. Mnamo Agosti mwaka uo huo mama mmoja alilazwa katika hospitali kuu ya Bungoma. Ilimbidi ajinunulie pamba na dawa ya kuanzisha uchungu. Uchungu ulipomzidi aliondoka kitandani akaenda mwenyewe kutafuta chumba cha kujifungulia, akakuta vitanda vimejaa, na akiwa njiani kurudi akazidiwa, akajifungua sakafuni kwenye ujia. Wauguzi waliomkuta hapo walimfokea na kumpiga makofi. Haya yote yangalibaki siri ya wodi kama mtu asingalirekodi kwa simu, na picha zile zikaonyeshwa nchi nzima.

Mama yule alifungua ombi la kikatiba mwaka 2014, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma, mbele ya Jaji Abida Ali-Aroni, ilitoa hukumu. Ilisema kwamba haki zake za afya na za kuheshimiwa utu zilikiukwa. Ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5, na kuagiza aombwe radhi rasmi. La uzito zaidi ni kwamba hukumu haikuishia kwa wauguzi. Iliilaumu pia Serikali ya Kitaifa na ile ya Kaunti kwa kutangaza huduma pasi na kutenga rasilimali za kuitekeleza.

Hapa ndipo neno tulizoea kulitumia linapoanza kuyumba. Magazeti na hata wanasheria hutafsiri kosa la aina hii kuwa uzembe. Katika kamusi na katika vinywa vya watu, mzembe ni mvivu, mtu asiyejali kazi. Lakini sheria haimuulizi daktari kama ni mvivu. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima, akakesha akihangaika mpaka miguu ikavimba, hawezi kuitwa mzembe na mtu mwenye haya. Na bado mgonjwa aliyedhurika usiku ule anaweza kuwa na dai halali, ama dhidi ya muuguzi, ama dhidi ya mwajiri aliyemwachia wodi peke yake. Mwezi huo huo wa Machi 2018 taifa lilishtuka kusikia kwamba katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa kwa tatizo lililokuwa la mgonjwa mwingine, kwa sababu ya kuchanganywa kwa utambulisho wao. Kumpasua mtu kwa saa kadhaa ni kazi ngumu. Huo si uvivu. Ni ukosefu wa uangalifu, nao hutokea hata kwa wachapakazi.

Madhara ya tafsiri hii mbovu yanaonekana pande zote mbili. Mgonjwa wa Naitiri anayemfahamu muuguzi wake kwa jina, aliyesoma naye, anayeabudu naye, huona ni ukatili kumwita mzembe, kwa hiyo hunyamaza. Naye muuguzi akisikia neno hilo hukasirika, kwani anajua jinsi anavyojituma, na hasira hiyo humfanya asieleze kilichotokea. Aliyepaswa kununua vitanda na kuajiri wauguzi wengine hubaki pembeni akitazama watu wawili maskini wakigombana juu ya neno. Wako wanaopendelea kusema “utovu wa uangalifu”, au “kuvunja wajibu wa uangalifu”. Istilahi hizi ni ndefu na hazijakaa sawasawa ulimini, lakini afadhali urefu kuliko matusi.

Neno jingine linalostahili kuangaliwa ni pole. Kiswahili kina bahati ya kutenganisha pole na radhi. Anayetoa pole anashiriki katika maumivu bila ya kusema nani aliyeyaleta. Anayeomba radhi anakiri. Hospitali nyingi hutoa pole kwa ukarimu mkubwa, na familia huzipokea kana kwamba ni radhi, kisha shauri likafungwa kwa kikombe cha chai. Mahakama ya Bungoma iliagiza radhi. Mhadhiri wa semantiki anayetafuta mfano wa tofauti kati ya vitendo-uneni viwili hana haja ya kwenda mbali.

Sheria yenyewe haikuisahau lugha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo pamoja na hatari zake, kadiri inavyowezekana katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lakini fomu ya ridhaa inayowekwa mbele ya mgonjwa dakika chache kabla ya upasuaji mara nyingi huwa ya Kiingereza, naye huonyeshwa mahali pa kutia sahihi au dole gumba. Ridhaa ni kuridhika. Dole gumba juu ya karatasi isiyoeleweka si ridhaa, ni alama ya wino.

Na mlango wa mahakama una saa yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, dai la madhara ya mwili lapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya Serikali, Sura ya 39 inatoa miezi 12 tu. Miezi 12 si mingi kwa mtu aliyefiwa, anayeambiwa kila siku kwamba ajali haina kinga. Anapozinduka na kuuliza, muda umekwisha. Akiwahi, atakuta kwamba kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kimekifanya Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zake. Kenya haina budi kulitazama jambo hilo bila ya wivu na bila ya kejeli.

Watatokea wataalamu wa kusema kwamba methali haina hatia, kwani Kiswahili hicho hicho kina “tahadhari kabla ya hatari” na “usipoziba ufa utajenga ukuta”. Hoja hiyo ni ya kweli, na inathibitisha kwamba lugha ina silaha zote mbili ghalani. Kinachosikitisha ni kwamba ya tahadhari hufundishwa shuleni na ya ajali ndiyo itumikayo maishani. Watatokea pia madaktari wa kusema kwamba wingi wa madai utawatia hofu na kuwafanya wakimbie wagonjwa wagumu. Hofu hiyo isidharauliwe. Hata hivyo, mgonjwa aliyeelezwa hatari mapema, kwa lugha yake, akazikubali, ana sababu chache za kwenda mahakamani kuliko yule aliyeshtukizwa.

Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, mwendo usio mrefu kutoka Naitiri, na wanafunzi wa Kiswahili hawakosi mada za tasnifu humo wala katika vyuo vingine. Idadi ya tasnifu kuhusu majina ya matatu na lugha ya mitaani inatosha kwa sasa. Mtu achukue fomu moja ya ridhaa ya upasuaji wa uzazi, aitafsiri, kisha aisome kwa sauti mbele ya akina mama waliopanga foleni ya kliniki, ambao wengi wao walianza na Lubukusu kabla ya Kiswahili, na awaombe wamweleze walichokisikia. Atakapofika kwenye sentensi inayosema hospitali itawajibika ikiwa mhudumu atamdhuru mgonjwa kwa kutofanya alichopaswa kufanya, atahitaji neno, na mbele ya akina mama hao atalazimika kuamua kama ataandika uzembe.