Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Ujira Wake Uko Wapi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi watu wa pwani hatujaivunja ada hiyo. Katika arusi zetu mama hujitokeza akampachika mpiga vugo noti kwenye leso, na mzee akamtunza kijana aliyecheza kirumbizi vizuri. Ni jambo jema. Lakini naonelea kwamba tunza ni heshima tu, si ujira, na wakati umefika wa kuyatenganisha mambo haya mawili.

Zamani mchezaji alikuwa mvuvi, mkulima au fundi wa jahazi, na ngoma ilikuwa ya mtaa wake. Siku hizi wako vijana wetu ambao ngoma ndiyo kazi yao hasa. Hualikwa katika sherehe za serikali, tamasha na mahoteli, hufanya mazoezi majuma kadhaa, na mara nyingi hurudi nyumbani na nauli na sahani ya pilau. Je, seremala angekubali malipo hayo?

Njia si ngeni. Bomas of Kenya ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1973, wachezaji waliajiriwa kucheza ngoma za makabila mbalimbali, na ngoma ikawa kazi ya mshahara. Lakini jumba moja la Nairobi haliwezi kuwabeba wachezaji wa nchi nzima. Katiba ya mwaka 2010 imeiagiza serikali kukuza sanaa na sherehe za jadi, na shughuli za utamaduni zikakabidhiwa kaunti. Basi kaunti zetu, kutoka Lamu hadi Kwale, ziwatengee wachezaji fungu lao katika makadirio ya kila mwaka.

Najua wako watakaosema ngoma imeharibika, kwamba chakacha, iliyokuwa ya wanawake peke yao, sasa yachezwa hotelini mbele ya wanaume na wageni. Hilo lanikera mimi pia. Lakini tutazame sababu. Mchezaji asiye na chama wala mkataba hawezi kumkatalia anayemkodi. Akiambiwa avae hivi na acheze vile, hutii ili watoto wale. Akiwa na chama chenye masharti na malipo yanayojulikana, ataweza kusema bila woga: Goma la Lamu huchezwa kwa kanzu na bakora, na chakacha si ya baraza la wanaume.

Kwa hiyo nawasihi wachezaji wetu waungane na wenzao wa nchi nzima, hata wale wa isukuti kule Kakamega, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Nasi tunaowaalika, tupatane nao bei mapema na tuwalipe siku ileile, kama dini yetu inavyotuhimiza kumlipa mfanyakazi bila kumchelewesha. Tunza na iendelee, lakini iwe nyongeza juu ya haki yao.