Video Iliyobaki Nyumbani

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika kote nchini mwaka wa 2019, kazi ya shule imeingia hadi ndani ya simu ya mzazi. Tuseme mtoto wa Nyayo Highrise amepanda sukuma wiki kwenye mkebe, pale roshani ya ghorofa yao. Mama anampiga video, kaka anaitia katika ripoti, na jioni hiyo kila kitu kinacheza sawasawa. Kesho yake darasani, mwalimu anafungua ripoti na kukuta kisanduku cheusi. Mtoto anaulizwa video iko wapi, naye hana jibu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tatizo ni nini? Msomaji, kuna njia mbili za kutia video katika faili ya kompyuta. Ya kwanza ni kuipachika, yaani video yenyewe inakaa ndani ya faili na kusafiri nayo. Ya pili ni kuweka kiungo. Hapo faili inabeba anwani tu ya mahali video ilipo. Ikiwa anwani hiyo ni ya kompyuta ya nyumbani, ukinakili ripoti kwenye flashi, video inabaki nyumbani.

Programu nazo hazifanani. PowerPoint, kuanzia toleo la 2010, huipachika video unayoichukua kutoka kompyuta yako. Matoleo ya awali yaliweka kiungo tu. Ukitia video ya mtandaoni katika Word, unachokiona ukurasani ni picha yake tu. Bila intaneti haichezi.

Hata hivyo, kupachika kuna uzito wake. Dakika moja ya video iliyopigwa kwa simu kwa ubora wa 1080p yaweza kupita megabaiti 100, ilhali kiambatisho cha Gmail hakiruhusiwi kuzidi megabaiti 25. Kwa hivyo kata sehemu zisizo na maana, shusha ubora hadi 720p au 480p, kisha uihifadhi kama MP4. Sekunde 40 za mtoto akieleza alivyopanda zatosha kabisa.

Je, kiungo ni kosa? La hasha! Papo hapo jirani, vijana wa Kibera News Network, walioanza kazi mwaka wa 2010, waliweka video zao YouTube na kuzionyesha kwenye ramani ya Kibera mtandaoni. Waliwalenga watazamaji wenye intaneti, popote walipo. Kwao kiungo kilifaa. Mwalimu aliye mbele ya darasa lisilo na intaneti ana haja nyingine.

Basi kabla ya kuamua, jiulize: atakayefungua kazi hii atakuwa wapi, na ana nini mkononi? Kisha ifanyie jaribio. Nakili ripoti kwenye flashi, uifungue kwenye kompyuta ya jirani au ya saiba, intaneti ikiwa imezimwa. Ikicheza hapo, yaelekea itacheza shuleni pia.

Na usisahau kutia picha moja na mistari miwili ya kueleza kilichomo katika video. Umeme ukipotea au kompyuta ikigoma, mwalimu bado ataona kwamba mtoto alipanda, akanyunyiza maji, akavuna. Jasho lake lisipotee kwa sababu ya kisanduku cheusi.