Hewa, Kanuni na Haki: Funzo kutoka Mashindano ya Roboti

Wapo wanaoamini kwamba kanuni huua ubunifu. Hoja hiyo naisikia kwa wanafunzi, na naisikia pia kwa watumishi wa umma wanaotaka taratibu zilegezwe ili kazi iende. Nawaalika wote wasome kanuni za FIRST Robotics Competition, mashindano ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanza Marekani mwaka 1992, hususan sehemu inayohusu hewa iliyoshindiliwa.

Hewa hiyo ndiyo husukuma silinda zinazonyanyua mikono ya roboti. Kanuni huiwekea mipaka ya aina mbili. Ya kwanza ni ya usalama. Hewa iliyohifadhiwa kwenye matangi isizidi mgandamizo wa pauni 120 kwa inchi ya mraba. Inayofika kwenye silinda isizidi 60. Kompresa iwe na vali inayojifungua yenyewe mgandamizo ukifika 125. Na iwepo vali ya kutoa hewa yote kwa mkono, mahali panapoonekana na kufikika kwa urahisi. Tangi likipasuka halichagui wa kumjeruhi. Hapo hakuna mjadala.

Aina ya pili ni ya uwiano: kompresa moja tu, na uwezo wake usizidi futi za ujazo 1.1 kwa dakika, yaani lita 31 hivi. Mpaka huu nauona kuwa ni ukuta dhidi ya fedha. Timu yenye wafadhili wakubwa haiwezi kujinunulia hewa ya kuizidi timu maskini. Zote hubaki na swali lile lile. Kompresa kubwa hujaza matangi upesi, lakini ni nzito, na uzito wa roboti nao una kikomo. Tena hula umeme wa betri ile ile ya volti 12 inayoendesha magurudumu. Ndogo ni nyepesi, lakini huchelewa. Je, mchezo wa takriban dakika mbili na nusu wahitaji hewa kiasi gani? Apigaye hesabu vyema ndiye achaguaye vyema. Huo ndio ubunifu, nao umezaliwa na mpaka.

Sisemi kwamba kanuni hizi zimefuta ukosefu wa usawa. Ada ya kushiriki ni maelfu ya dola, na kompresa zinazolingana hazileti karakana zinazolingana.

Hata hivyo, kila roboti hukaguliwa kabla ya kushindana, kwa orodha ile ile, iwe ya timu changa au ya bingwa. Kwetu sheria nzuri zimeandikwa nyingi. Anayekosekana ni mkaguzi asiyeuliza kwanza mwenye mali ni nani.

Basi, mtumishi wa umma anayeombwa kulegeza kanuni ajiulize: hii ni ya usalama au ya uwiano? Akilegeza ya kwanza, anahatarisha maisha ya watu. Akilegeza ya pili, anamkabidhi mwenye nacho uwanja mzima.