Tufundishe Masikio Kabla ya Vidole



Katika kurasa hizi tumesoma mara nyingi habari za mpira, za mijadala na za mitihani. Leo naomba nafasi ndogo niseme juu ya bendi. Nasema kama mtu aliyepuliza tarumbeta miaka minne alipokuwa mwanafunzi, wala si kama mpita njia aliyesikia kelele akasimama.

Siku moja ya wazazi tulikuwa uwanjani tukipiga wimbo wa kuwakaribisha wageni. Wimbo huo tulikuwa tumeufanyia mazoezi muhula mzima. Ghafula ukaja ule upepo utanguliao mvua, ukazichukua karatasi zetu ukazitupa katika shamba la mihogo. Kabla mtu hajahesabu kumi, bendi yote ilikuwa kimya. Aliyeendelea ni mpiga ngoma kubwa peke yake, kwani yeye hakupewa karatasi tangu mwanzo. Wageni walicheka, nasi tukatazama viatu vyetu.

Jioni ile nilipokwenda kuteka maji nilijikuta naupiga mluzi wimbo ule ule, toka mwanzo hata mwisho, bila kosa. Hapo nikastaajabu. Kinywa changu kiliujua wimbo, lakini vidole vyangu vilijua karatasi tu. Miaka yote ile hapana mtu aliyetuonyesha njia ya kutoka sikioni mpaka vidoleni.

Basi maoni yangu ni haya: yafaa kila mwanafunzi anayeingia bendi afundishwe kwanza kusikia, kisha kupiga kwa sikio, ndipo apewe karatasi ya noti.

Tazameni tarumbeta yenyewe. Ina vibonyezo vitatu tu. Mtu asipobonyeza hata kimoja, aweza kutoa do, na so ya juu yake, na do ya pili, na mi, na so nyingine. Vidole havikusogea, bali sauti tano zimetoka. Ni nani basi anayechagua sauti? Ni midomo na pumzi, na hivyo huongozwa na sikio. Mpigaji asiyeisikia sauti kichwani kabla ya kuipuliza atabahatisha, naye akikosea hujua baada ya watu wote kujua.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta walimu wa jambo hili. Hapa Uganda tunayo amadinda ya Buganda, marimba ya vibao kumi na viwili vilivyolazwa juu ya vigogo vya migomba. Huipiga watu watatu. Wa kwanza, omunazi, huanza sauti zake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, omwawuzi, huketi ng'ambo ya pili na kuingiza sauti zake katikati ya zile za mwenzake, moja kwa moja kama vidole vya mikono miwili vikishikana. Wimbo tunaousikia hauko kwa huyu wala kwa yule. Huzaliwa pale wanapokutana. Kisha yuko wa tatu, omukoonezi. Kazi yake ni kusikiliza katika mchanganyiko ule sauti zinazotoka katika vibao viwili vya chini kabisa, na kuzirudia juu katika vibao viwili vilivyo vidogo kuliko vyote. Fikirini! Mikono minne inakwenda mbio mbele yake, naye lazima achambue sauti mbili tu na kuziacha nyingine zipite. Je, kuna mtihani wa masikio uliopita huo?

Wako watakaosema kwamba kupiga kwa sikio ni kazi ya wavivu wasiotaka kusoma. Nawajibu kwamba hata Associated Board ya London, ambayo mitihani yake ya muziki inajulikana katika nchi nyingi, katika baadhi ya mitihani hiyo humtaka mtahiniwa ajibu maswali kwa sikio, karatasi ikiwa mbali naye. Nayo solfa tuliyoletewa na wamisheni, ile iliyoanzishwa na Bibi Sarah Glover wa Norwich na kuendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, ilikusudiwa kumfundisha mtu kusikia jinsi kila sauti inavyosimama mbele ya do. Sisi tumeifanya kuwa herufi za kukariri.

Wengine watasema neno lenye uzito zaidi: yaliyo sikioni hufa pamoja na mwenye sikio. Hilo ni kweli, nami sitalipinga. Tarehe 24 Mei 1966 ikulu ya Kabaka huko Mengo iliposhambuliwa, wapigaji wa ikulu walitawanyika, na ufalme wenyewe haukurudishwa mpaka mwaka 1993. Nyimbo nyingi tunazijua leo kwa sababu zilikuwa zimekwisha andikwa. Joseph Kyagambiddwa alitoa kitabu chake mwaka 1955, na Gerhard Kubik wa Austria alikuja karibu na mwaka 1960 akajifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji mashuhuri wa ikulu, akaziandika. Lakini angalieni utaratibu wao. Kyagambiddwa alikuwa Mganda aliyezisikia nyimbo hizo nyumbani. Kubik aliketi kwanza mbele ya marimba, akapiga kama mwanafunzi. Karatasi ilikuja baada ya sikio, nayo ikawa ghala ya kuwekea mavuno. Asiyelima ataweka nini ghalani?

Sitaki kulaumu bila kutoa shauri. Naomba dakika kumi tu za kila siku ya mazoezi, karatasi zikiwa zimefungwa kabatini. Kwanza, wote waimbe sauti kabla ya kuipuliza. Pili, mmoja apige sauti tatu au nne, na mwenzake aliyempa mgongo azijibu kwa chombo chake; wakizoea, waziongeze. Tatu, kila mtu achague wimbo anaoujua tangu utotoni, atafute do yake, aupige, kisha aanzie sauti nyingine aupige tena. Nne, wasikilize wimbo uliorekodiwa na kuifuata sauti ya chini kabisa peke yake, kama afanyavyo omukoonezi. Kazi hii hugharimu subira tu. Juma la kwanza itakuwa fujo tupu, na mabweni ya jirani yatalalamika. Wavumilie.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaonunua gazeti hili, najua wengi wenu mliacha vyombo siku mlipoacha shule, kwa kuwa karatasi zilibaki katika kabati la bendi. Tarumbeta yangu mwenyewe ilikaa chini ya kitanda miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka jana niliitoa nikautafuta ule wimbo wa siku ya wazazi kwa sikio. Ilinichukua jioni tatu. Si mzuri bado, na watoto wangu hunicheka nikifika katikati. Lakini naupiga mpaka mwisho, na dirisha likiwa wazi.

Mwanafunzi wa Zamani