Ko-ko-ko ya Kinshasa, na ya kwetu

Kule Kinshasa, mtu akibisha mlango, wanasema ko-ko-ko. Ndiyo jina kundi moja la muziki lilijipa: KOKOKO! Mwaka 2019 walitoa albamu Fongola, maana yake ufunguo. Mwaka 2024 wakatoa ya pili, Butu, maana yake usiku.

Ni muziki wa mchezo. Wanapiga mikebe, chupa za plastiki na vyuma vya takataka, wanachanganya na mashine za umeme. Makara Bianko anaimba, mara analalamika, mara anaita kama muchuuzi sokoni. Mule ndani ya Butu munasikika barabara za Kinshasa saa za usiku, zimejaa watu.

Wandugu wengine hapa Butembo wanasema: ni makelele tu. Wengine wanatuuliza, nao tunawaheshimu: namna gani tucheze, na Beni iko kwenye matanga?

Tunawajibu hivi. Tangu mwisho wa 2014 watu wa Beni wanachinjwa. Etat de siège iko tangu Mei 2021. Giza likiingia, kila mama anahesabu watoto na kufunga mlango. Ile ko-ko-ko ambayo Kinshasa ni mchezo, kwetu inasimamisha moyo. Kwa hiyo kupenda albamu ya usiku si kusahau wafu wetu. Ni kukumbuka kitu walichotunyang'anya: usiku wetu.

Tena, ule muziki si wa wageni. Baba anayeshuka shimoni kule Manguredjipa ajue: ndani ya mashine kama hizo, ndani ya simu na redio, munatumika dhahabu na tantali inayotoka kwa koltani. Sisi tunachimba, wengine wanatengeneza, halafu tunauziwa kwa bei kali. Lakini mikebe na bidoni hatuuziwi na mtu. Viko kwenye kila parcelle.

Wazazi, mtoto akipiga mukebe mchana, musimunyamazishe mbio mbio. Redio zetu za Beni na Butembo, mupatie vijana saa moja tu kwa juma. Na ninyi wenye kushika usalama, turudishieni usiku.

Siku ambayo tutasikia ko-ko-ko saa nne ya usiku, na tujibu "karibu" bila kuzima taa, siku hiyo tutasema amani imefika.