Likizo ya baridi: anza na nauli, si bei ya chumba

KUTOKA BUHA
Na Edwin Bihagaze

Shule zinapofungwa mwezi wa sita, mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kupumzika siku chache kwenye baridi huambiwa aende Lushoto au Arusha, kana kwamba nchi hii haina milima mingine. Kwa mkazi wa Kigoma mjini, Uvinza, Geita au Mwanza, ushauri huo ni ghali. Tumezoea kulinganisha bei za vyumba na kusahau kwamba safari fupi huliwa na nauli. Familia ya watu watano ikitoka Ujiji kwenda Lushoto italipa nauli kumi, kwenda na kurudi, na kuikata nchi karibu yote. Ikipanda gari la Kasulu, mwendo wa kilomita 100 hivi, itafika kabla ya chakula cha mchana, na fedha ambayo ingeishia njiani itageuka siku za ziada za kulala na kula. Ndiyo maana nasema Kasulu na Kibondo zinastahili kuhesabiwa miongoni mwa miji ya mapumziko.

Baridi yenyewe ipo. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu imepita mita 1,200, na vilima vya Manyovu, wilayani Buhigwe, vimepita 1,500. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo anayetoka mwambao wa ziwa atahitaji sweta asubuhi na blanketi usiku. Miezi ya kuchagua ni Juni na Julai. Mvua imekatika, vilima bado vina kijani, na sokoni maharage mapya yamepangwa mafungu: ya njano, mekundu na ya madoa. Chakula hicho ni nafuu kwa sababu kimelimwa hapo hapo, wala hakijabebeshwa gharama ya lori. Ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese na dagaa wa ziwani ni mlo unaomshibisha mgeni bila kumfilisi. Ukisubiri Agosti na Septemba, utakuta vumbi jekundu limeshafunika migomba ya kando ya barabara.

Kati ya Kasulu na Kibondo, upi? Kigezo ni kile kile cha nauli. Anayetoka ziwani achague Kasulu, maana kutoka hapo anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo Heru Juu, palipokuwa makao ya machifu wa Waha, au Manyovu kwenye mashamba ya kahawa karibu na mpaka wa Burundi. Anayetoka Geita au Mwanza kupitia Nyakanazi ataifikia Kibondo kwanza. Hana haja ya kuongeza zaidi ya kilomita 100 kwa sababu tu Kasulu ina pilikapilika zaidi. Kibondo inamfaa anayetaka utulivu na asali ya miombo.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba huku ni nchi ya wakimbizi. Ni kweli kwamba kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 na ya Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015, lakini kambi zina mipaka na taratibu zake. Si mahali pa kutembelea kwa udadisi, na haziuzuii mji kupokea wageni. Beba kitambulisho cha taifa, kwani hili ni eneo la mpakani na kuulizwa na maofisa wa uhamiaji ni jambo la kawaida. La pili ni ubovu wa huduma. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zaidi zamani: mwaka 2022 Kasulu iliachana na umeme wa majenereta ya dizeli na kuingia gridi ya taifa, na barabara ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu nayo iliingia kwenye ujenzi wa lami. Hata hivyo, usitarajie hoteli ya kitalii. Uliza kabla ya kulipa kama kuna maji ya moto, hata ya ndoo, kama chai ya asubuhi imo kwenye bei, na kama gesti haijapakana na baa. La tatu ni malaria, nalo silipingi: Kigoma ni miongoni mwa mikoa iliyoelemewa na ugonjwa huo, na baridi ya Kasulu haitoshi kuufukuza. Lala ndani ya chandarua.

Anayeishi Dar es Salaam sitamdanganya. Kwake, Kasulu ina maana tu kama ana ndugu wa kumwona au shughuli nyingine Kigoma. Vinginevyo Lushoto itamgharimu kidogo. Lakini ninyi mlio magharibi, kabla ya kuulizia chumba cha mbali, pigeni hesabu ya nauli ya familia nzima. Mkikuta imezidi bei ya kulala siku tatu, badilisheni njia: pandeni gari la Kasulu au Kibondo.